Somo la Redio: Programu ya Kuchora Ikae Nyumbani Kwetu

Nawasalimu ninyi wa Mbulumbulu, mnaokaa juu karibu na msitu, na nawasalimu wote mnaotusikiliza kutoka mahali pengine. Somo hili lilisemwa kwanza katika redio. Sasa limepigwa chapa, ili wewe uliyekwisha kujifunza kusoma upate kulisoma mwenyewe polepole, mstari kwa mstari, na kurudia pale ambapo hukuelewa.

Chukua daftari na kalamu. Leo tutajifunza jambo moja tu. Ziko programu za kuchora ambazo hufunguka ndani ya kivinjari kwa nguvu ya mtandao. Tutajifunza jinsi programu ya namna hiyo inavyoweza kufanywa ikae katika kompyuta yetu wenyewe, tuifungue hata siku ambayo mtandao haupo.

Labda utasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya mafundi wa mjini. Mimi ni mkulima wa mahindi na ngano." Ngoja kwanza. Nisikilize habari hii, kisha utaamua mwenyewe kama jambo hili lakuhusu au halikuhusu.

SHAMBA LILILOPOTEA

Siku moja wakati wa masika nilikwenda kufundisha darasa moja la watu wazima huko Mbulumbulu. Nilichukua kompyuta mpakato moja. Somo la siku hiyo lilikuwa kuchora ramani ya shamba. Kila mwanafunzi alikuja mbele, akaeleza shamba lake lilivyo, nami nikamwonyesha jinsi ya kulichora.

Palikuwa na mama mmoja, mtu mzima, aliyeanza kuandika jina lake mwaka huo huo. Yeye alikaa mbele ya kompyuta zaidi ya saa nzima. Alichora nyumba. Akachora zizi la ng'ombe. Akachora korongo linalokula shamba lake kila mvua inaponyesha. Kisha akaweka matuta matatu anayotaka kuyachimba ili kukinga maji. Alitaka kumwonyesha bwana shamba mchoro ule, na pia jirani yake wa upande wa juu, kwa kuwa maji hutoka kwake. Mwisho akaandika jina lake chini, kwa herufi kubwa. Darasa zima likapiga makofi.

Basi, mvua ikaanza. Umeme ukakatika, na baada ya kitambo mtandao nao ukapotea. Mimi sikujua kwamba programu ile huhifadhi kazi yote katika kompyuta kubwa iliyo mbali, wala haiachi nakala kwetu. Betri ikaisha, kompyuta ikazimika. Kesho yake niliifungua Karatu mjini, penye mtandao. Ukurasa ulikuwa mweupe.

Juma lililofuata mama yule aliniuliza, "Mwalimu, shamba langu limekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu, maana nilifundisha kwa chombo ambacho sikukijaribu kwanza. Tangu siku ile nilianza kulichunguza jambo hili, na niliyoyapata ndiyo ninayokufundisha leo.

REDIO NA KITABU

Mwaka 1973 palikuwa na kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima hapa Tanzania. Iliitwa "Mtu ni Afya". Wazee wengi wanaikumbuka. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, na mikononi mwao walikuwa na kitabu kidogo kilichoeleza habari zile zile.

Kwa nini redio na kitabu pia? Kwa sababu sauti ya redio hupita. Ukichelewa, umekosa. Mawimbi yakiharibika, husikii. Lakini kitabu hukaa nyumbani. Waweza kukifungua usiku, waweza kukifungua mwezi ujao, wala humwombi mtu ruhusa.

Programu iliyo ndani ya kivinjari ni kama redio. Hutoka mbali, nayo hukufikia kwa njia ya mtandao kila unapoihitaji. Programu iliyosakinishwa ni kama kitabu. Imekwisha kuingia nyumbani kwako. Kazi yetu leo ni kuona jinsi ya kuifanya redio iwe kitabu.

MANENO MANNE YA KUJUA KWANZA

Kabla ya kuendelea, yafaa tujue maana ya maneno manne. Yaandike katika daftari lako.

Kivinjari ni programu tunayoitumia kufungulia kurasa za mtandao. Chrome, Firefox na Edge ni vivinjari.

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa ulio katika kompyuta kubwa mahali fulani duniani, wenye anwani yake. Ukiandika anwani hiyo katika kivinjari, kurasa huja kwako.

Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata ili kufanya kazi fulani, kama kuchora, kuandika au kupiga hesabu.

Kusakinisha ni kuiweka programu katika kompyuta ili ikae humo, ipate alama yake katika kioo, nawe uifungue kwa kuibofya alama hiyo.

WALIOTUTANGULIA

Jambo la kuchora kwa kompyuta mahali ambapo mtandao ni haba si geni hapa Tanzania. Mwaka 2015 ilianza kazi ya Ramani Huria katika jiji la Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wananchi wa mitaa walipita wakichora njia, mifereji na nyumba, kwa ajili ya kupambana na mafuriko. Michoro yao iliingia katika OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima ambayo mtu yeyote aweza kuichora na kuisahihisha.

Ramani hiyo ina vyombo viwili mashuhuri vya kuchorea. Kimoja huitwa iD, nacho hufunguka ndani ya kivinjari. Cha pili huitwa JOSM, nacho husakinishwa katika kompyuta. Mwenye JOSM aweza kupakua eneo lake akiwa mahali penye mtandao, akaenda kuchora mahali pasipo na mtandao, akahifadhi faili lake, na siku nyingine akaipeleka kazi yake katika ramani kubwa. Unaona tofauti? Kimoja ni redio, kingine ni kitabu.

Lakini JOSM haikutoka katika kivinjari. Ilitengenezwa tangu mwanzo ikae katika kompyuta. Sisi leo twataka kujua habari ya programu zilizozaliwa ndani ya kivinjari. Je, nazo zaweza kuhamia nyumbani? Ndiyo, zaweza. Ziko njia mbili.

NJIA YA KWANZA: TOVUTI HUJIFUNZA KUKAA

Katika njia ya kwanza, tovuti yenyewe hutengenezwa kwa namna ambayo kivinjari chaweza kuisakinisha. Mwaka 2015 Alex Russell na Frances Berriman walizipa tovuti za namna hii jina, na kifupi chake ni PWA. Ili tovuti iwe ya namna hiyo, fundi aliyeitengeneza hana budi kuweka vitu vitatu.

Kitu cha kwanza ni hati ndogo ya utambulisho. Mafundi huiita manifesti. Ni kama cheti cha kuzaliwa. Husema jina la programu, picha ya alama yake, ukurasa wa kwanza kufunguliwa, na kama programu ifunguke katika dirisha lake peke yake. Kivinjari hukisoma cheti hiki, kikajua kwamba tovuti hii yataka kuwa programu.

Kitu cha pili nitakiita mtunza ghala. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari chako, katikati ya ukurasa na mtandao. Siku ya kwanza unapoifungua tovuti, mtunza ghala huchukua sehemu zote zinazohitajika, yaani kurasa, picha, herufi na maagizo, akaziweka katika ghala ndani ya kompyuta yako. Siku ya pili, ukurasa unapotaka kitu, humwuliza yeye kwanza. Akiwa nacho ghalani, hukitoa papo hapo. Akiwa hana, ndipo huenda kukitafuta katika mtandao.

Wewe mkulima walijua jambo hili vizuri. Mwenye mahindi ghalani haendi gulioni kila siku jioni ili apate chakula. Hata barabara ikijaa matope na magari yasipite, watoto watakula.

Kitu cha tatu ni njia salama. Anwani ya tovuti hapana budi ianze na herufi hizi: https. Kwa nini? Kwa sababu mtunza ghala ana mamlaka makubwa. Kila kinachofika katika ukurasa chaweza kupita mikononi mwake. Mwizi akiweza kumbadilisha njiani, akamweka mtu wake, huyo atakulisha sumu kila siku. Kwa hiyo vivinjari hukataa kumpokea mtunza ghala aliyekuja kwa njia isiyo salama.

Hapa sikiliza vizuri. Tovuti nyingine zina cheti lakini hazina mtunza ghala mwema. Zaweza kusakinishwa, na alama ikaonekana katika kioo, lakini ukizifungua bila mtandao hupati kitu. Kwa hiyo usiamini alama peke yake. Mlango mzuri si ushahidi kwamba ghala limejaa.

NJIA YA PILI: TOVUTI HUFUNGWA NDANI YA SANDUKU

Katika njia ya pili, fundi huchukua tovuti nzima, akaifunga pamoja na kivinjari chake katika sanduku moja. Ukisakinisha sanduku hilo umepata vyote viwili.

Chombo kinachojulikana sana kwa kazi hii ni Electron. Mafundi wa kampuni ya GitHub ya Marekani walianza kukitengeneza mwaka 2013, kwa ajili ya programu yao ya kuandikia iliyoitwa Atom. Kwanza kiliitwa Atom Shell. Mwaka 2015 kikapewa jina la Electron. Ndani yake mna sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni Chromium, ambayo ni moyo wa kivinjari cha Chrome. Ya pili ni Node.js, ambayo huiwezesha programu kusoma na kuandika faili za kompyuta yako.

Fundi akitaka kuifunga programu ya kuchora ndani ya Electron, hufanya kazi tano.

Kwanza, hukusanya faili zote za tovuti, akahakikisha kwamba hakuna hata moja inayoitwa kutoka mbali. Ikiwa aina ya herufi au picha moja bado hutoka katika kompyuta ya mbali, mchoro wako utaonekana kilema siku mtandao usipokuwapo.

Pili, huandika faili fupi la kuanzia. Faili hili huiambia kompyuta ifungue dirisha, na ndani ya dirisha iweke ukurasa wa kuchora.

Tatu, huweka orodha ya amri, kama Fungua, Hifadhi na Chapisha, na kuziunganisha na faili za kompyuta.

Nne, hufunga milango. Ukurasa wa kuchora haufai kupewa uwezo wote juu ya kompyuta. Hupewa ule unaohitajika tu. Tena, kiungo kinachokwenda nje kifunguliwe katika kivinjari cha kawaida, si ndani ya sanduku.

Tano, hutengeneza sanduku la kila aina ya kompyuta: moja la Windows, moja la Mac, moja la Linux.

Ubaya wa njia hii ni uzito. Ni kama msafiri anayetembea na jiko lake, sufuria zake na kuni zake. Popote afikapo atapika, lakini mzigo wake ni mkubwa. Programu ndogo ya kuchora, ikifungwa hivi, mara nyingi hupita megabaiti 100. Na ukiwa na programu tano za namna hii, umebeba majiko matano.

Kipo chombo kingine kiitwacho Tauri, ambacho toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2022. Hicho hakibebi jiko. Hutumia jiko la mwenyeji, yaani sehemu ya kuonyesha kurasa ambayo imo tayari katika kompyuta. Sanduku lake huwa dogo zaidi. Lakini jiko la kila mwenyeji si sawa, basi fundi lazima ajaribu kazi yake katika kompyuta za namna nyingi.

HABARI YA EXCALIDRAW

Sasa nitakupa mfano wa kweli. Mwezi wa Januari mwaka 2020, fundi mmoja aitwaye Christopher Chedeau alianzisha programu ya kuchora iitwayo Excalidraw. Ni kama ubao mweupe. Unachora miraba, duara, mishale na maneno, na mistari yake hufanana na mistari iliyochorwa kwa mkono. Programu hii hufunguka ndani ya kivinjari, na maandishi ya maagizo yake yako wazi kwa mtu yeyote kuyasoma na kuyatumia.

Watu wakataka waipate katika kompyuta zao. Basi likatengenezwa toleo lililofungwa ndani ya Electron. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2021 ilitangazwa kwamba toleo hilo linaachwa. Je, watu walikuwa hawalitaki tena? Hapana. Kivinjari chenyewe kilikuwa kimejifunza kazi ambazo zamani sanduku peke yake liliziweza. Excalidraw iliweza kusakinishwa kwa njia ya kwanza. Iliweza kupata dirisha lake. Iliweza kufunguka bila mtandao. Na tangu mwaka 2020 Chrome ilikuwa imepata uwezo wa kuhifadhi kazi katika faili lile lile ulilolifungua, kama programu nyingine za kompyuta zifanyavyo. Basi walipima wakaona: kwa nini tutunze nyumba mbili, na familia ni moja?

Lakini wengine hawakuamua hivyo. Iko programu nyingine iitwayo draw.io, inayofaa kuchora mipango na michoro ya kazi. Yenyewe hufunguka katika kivinjari, na pia ina toleo la kusakinisha lililotengenezwa kwa Electron. Kwa kompyuta za Windows lipo hata toleo ambalo halihitaji kusakinishwa. Unalibofya tu, likafunguka.

NJIA IPI YATUFAA SISI?

Hapa ndipo penye hesabu. Chukua kalamu yako.

Tuseme darasa lenu lina kompyuta 5. Tuseme programu ya njia ya kwanza huhitaji megabaiti 10, na sanduku la njia ya pili lina megabaiti 120.

Kwa njia ya kwanza, kila kompyuta lazima ifungue tovuti yenyewe, kwa kuwa huwezi kuichota programu ya namna hii kwa fleshi na kuipeleka katika kompyuta nyingine. Basi 10 mara 5 ni megabaiti 50. Bando ni dogo. Lakini kompyuta zote 5 hapana budi zifike penye mtandao.

Kwa njia ya pili, unapakua sanduku mara moja tu, megabaiti 120. Bando ni kubwa zaidi. Lakini mtu mmoja aweza kwenda Karatu mjini na fleshi mfukoni, akapakua, akarudi, na kompyuta zote 5 zikasakinishiwa darasani. Hata zikiwa 50, bando ni lile lile.

Basi ipi ni bora? Ikiwa mahali penu mtandao upo, ila hukatika-katika, njia ya kwanza ni nyepesi na rahisi. Tena programu hujisahihisha yenyewe kila inapopata mtandao. Ikiwa mtandao haupo kabisa, au kusafirisha kompyuta zote ni taabu, njia ya pili yawafaa. Wale wa Excalidraw walipima mambo yao wakaamua vema. Nasi tupime yetu. Mtu wa bondeni na mtu wa juu hawapandi siku moja.

HATUA ZA KUFUATA

Tuseme mmechagua Excalidraw kwa njia ya kwanza. Fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

1. Nendeni mahali penye mtandao mzuri. Fungueni Chrome. Andikeni anwani: excalidraw.com.

2. Ngojeni mpaka ukurasa ufunguke wote. Msiwe na haraka. Mtunza ghala anajaza ghala.

3. Tazameni mwisho wa mstari wa anwani, upande wa kulia. Kuna alama ya kompyuta ndogo yenye mshale unaoelekea chini. Msipoiona, bofyeni vidoa vitatu vilivyo juu kulia, mtafute amri ya kusakinisha.

4. Bofyeni, kisha kubalini. Programu itafunguka katika dirisha lake, na alama yake itabaki katika kompyuta.

5. Sasa fanyeni jaribio. Zimeni mtandao kabisa. Fungeni madirisha yote. Bofyeni ile alama. Choreni mstari mmoja. Hifadhini kazi katika faili. Fungeni programu. Ifungueni tena, mlitafute faili lenu.

Mkiuona ule mstari, rudini nyumbani kwa furaha. Msipouona, msiondoke mjini. Jaribio hili huchukua dakika tano. Mimi sikulifanya, nami nikampotezea mtu shamba lake.

MAONYO MANNE

La kwanza. Kuwa na programu si kuwa na mchoro. Programu imo ghalani, lakini mchoro wako uko wapi? Excalidraw huukumbuka mchoro wa mwisho ndani ya kivinjari. Hiyo ni msaada, si hifadhi. Mtu akija akasafisha kumbukumbu za kivinjari, mchoro umekwenda. Kila umalizapo kazi, ihifadhi katika faili lenye jina linaloeleweka, kisha nakili faili hilo katika fleshi.

La pili. Pakua programu kwa mwenyewe, katika tovuti yake halisi. Usipokee sanduku ambalo hujui lilitoka wapi. Kadhalika fleshi inayozunguka kila mahali huleta virusi, kama ndoo ya maji isiyofunikwa.

La tatu. Sanduku la Electron lina kivinjari ndani yake, na kivinjari cha zamani huwa na matundu ambayo wezi wameyajua. Mara kwa mara tafuta toleo jipya.

La nne. Kusakinisha hakufanyi kila kitu kiwezekane bila mtandao. Kuchora waweza. Kuhifadhi waweza. Lakini kuchora pamoja na mtu aliye Arusha kwa wakati mmoja, au kumpelekea kiungo cha mchoro wako, bado kwahitaji mtandao.

MWISHO WA HABARI

Huenda wataka kujua mama yule alipata nini. Nilirudi darasani na kompyuta ile ile, nikiwa nimeisakinisha programu na kuijaribu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Hakusema maneno mengi. Alivuta kiti, akaanza tena: nyumba, zizi, korongo. Safari hii hakuchukua hata nusu saa. Tena aliweka matuta manne badala ya matatu, kwa sababu katika majuma yale mvua ilikuwa imemwonyesha mahali pengine maji yanapopita.

Alipomaliza aliniambia, "Izime." Nikaizima kompyuta. "Iwashe." Nikaiwasha, na mtandao haukuwapo. Shamba lake lilikuwapo, na jina lake chini. Ndipo akacheka.

Mwaka 2006 wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Awet, katika Kambi ya Simba, walitoa kitabu cha picha na maelezo juu ya maisha ya kijiji chao. Walionyesha kwamba watu wa mahali hapa waweza kujieleza wenyewe, wasingoje kuelezwa na mgeni. Wewe nawe, ukichora shamba lako, kisima chenu au njia ya shule, unafanya kazi ya namna hiyo hiyo. Nayo kazi ya namna hiyo yastahili kuwekwa mahali ambapo haitapotea.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Redio na kitabu vinatofautianaje? Kati ya hivyo, programu ya ndani ya kivinjari hufanana na kipi?

2. Taja vitu vitatu ambavyo fundi huviweka ili tovuti iweze kusakinishwa na kufanya kazi bila mtandao.

3. Kwa nini watengenezaji wa Excalidraw waliliacha toleo la Electron?

4. Darasa lina kompyuta 8. Programu ya njia ya kwanza huhitaji megabaiti 10 kwa kila kompyuta. Sanduku la njia ya pili lina megabaiti 120. Piga hesabu ya bando kwa kila njia. Kisha semeni: kwa mahali penu, ni ipi itawasumbua kidogo?

5. Mwenzako ameisakinisha programu, lakini hakuhifadhi mchoro wake katika faili. Mweleze hatari iliyopo.

Kazi ya nyumbani: chora shamba lako katika karatasi. Onyesha mahali maji yanapopita. Andika jina lako chini. Mkutanapo tena, mchoro huo ndio mtakaoanza kuuhamishia katika kompyuta.

Mpaka somo lijalo, kwaherini, ndugu wanafunzi.